Mwenye ruhusa ndiye aliyeiba

Kuna kesi moja ya Uingereza napenda sana kuihadithia kwa watu wa maofisini, na sio kwamba ina teknolojia ya kutisha, ni kwamba haina teknolojia yoyote ya kutisha. Supamaketi za Morrisons, makao makuu Bradford, mwaka 2013. Pale alikuwepo bwana anaitwa Andrew Skelton, mkaguzi wa ndani upande wa mifumo ya kompyuta, mtu mwenye cheo chake, sio kijana wa mafunzo kwa vitendo. Pembeni alikuwa na kabiashara kake ka mtandaoni na vifurushi vya wateja wake akawa anavipitishia chumba cha barua cha kampuni. Siku ya siku kifurushi kimoja kikakutwa na unga mweupe. Sasa unga mweupe ukionekana ofisini unajua kinachofuata, taharuki, polisi wakaitwa, ukapimwa, kumbe ni kitu halali kabisa cha watu wanaotaka kupunguza mwili. Yakaishia kwenye kikao cha nidhamu na onyo la mdomo. La mdomo tu jamani, hata barua hakuna. Ila yeye lilimkaa kooni.

Miezi michache baadaye, Novemba, wakaguzi wa nje KPMG wakaomba data ya mishahara ya wafanyakazi wote kama walivyozoea kuomba kila mwaka, na kazi ya kuwapelekea akapewa nani? Skelton, maana mwaka uliotangulia ndiye aliyeifanya na hakuna aliyeona shida. Data ikaja kwenye flashi iliyofungwa, haifunguki bila neno la siri, akaihamishia kwenye laptopu yake ya kazi, akawapa KPMG kilicho chao, kila kitu kwa utaratibu. Halafu siku chache mbele akachomeka flashi yake binafsi akanakili faili lote. Wizi wenyewe ni huo, umeisha. Hakuvunja mlango wala hakubuni paswedi ya mtu, na wala hakuhitaji kirusi.

Januari 2014 akalipandisha faili kwenye tovuti ya kushea mafaili. Majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, simu, namba za bima ya taifa, akaunti za benki na mshahara wa kila mmoja, karibu watu laki moja. Na roho mbaya ilivyo, akaunti ya kupandishia akaifungua kwa taarifa za mfanyakazi mwenzake aliyehusika kwenye lile shauri la nidhamu, ili likibumburuka aangukiwe yule. Miezi miwili ikapita kimya, hamna mtu aliyeliona. Naona kama hicho kimya kilimuudhi, maana Machi 13, siku ileile kampuni inatangaza matokeo yake ya kifedha, akachoma CD akazituma kwa magazeti matatu akijifanya raia mwema aliyekutana na data hiyo mtandaoni. Magazeti hayakuchapisha, gazeti moja likaipigia simu kampuni, ndani ya masaa faili likashushwa na ndani ya siku chache Skelton akawa mikononi mwa polisi. Mwaka 2015 akala miaka 8 jela.

Wafanyakazi zaidi ya 9,000 wakaishtaki kampuni wakidai fidia. Kwenye mahakama za chini walishinda, ila Aprili 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema hapana, huyu bwana alikuwa kwenye kisasi chake binafsi, hakuwa anafanya kazi ya tajiri wake, kwa hiyo tajiri habebeshwi. Kisheria naielewa hoja. Ila jiweke kwenye nafasi ya yule dada wa kaunta anayepanga nyanya kwenye shelfu, akaunti yake ya benki imeanikwa mtandaoni na mtu aliyekabidhiwa na kampuni yenyewe, halafu anaambiwa samahani sana hilo ni la Skelton, na Skelton alishafungwa, utamdai nini huyo? Mimi hapo huwa nakwama.

Nimeirefusha makusudi. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako, tunaisema kila siku kwenye vikao, ila likija suala la kompyuta akili zote zinakimbilia kwa kijana fulani wa Ulaya Mashariki aliyejifungia gizani, hela zote zinaenda kununua antivairasi na fayawoli, na yule mwenye ruhusa halali ya kufungua faili hakuna anayemtazama. Tena wala hahitaji kuwa na kisasi.

Chukua hii nyingine ya Marekani. Farrah Fawcett, mwigizaji mkubwa wa miaka ya 70, alikuwa anatibiwa saratani hospitali ya chuo kikuu pale Los Angeles, UCLA. Kila anachoambiwa na daktari, baada ya muda kidogo kiko kwenye gazeti la udaku. Akaanza kuwashuku watu wake, familia, marafiki, yaani ugonjwa unakula mwili huku na yeye anahesabu nani kati ya wanaomletea supu ndiye anayemuuza. Mwaka 2007 alipoambiwa saratani imerudi akafanya jambo la akili sana. Hakumwambia mtu. Nyumbani hamna anayejua na rafiki hamna anayejua, ni yeye na hospitali tu. Siku chache, gazeti limeandika. Basi akajua pa kwenda. Uchunguzi ulipofanyika akapatikana mfanyakazi wa utawala, sio daktari wala nesi, mtu wa makaratasi, alikuwa anafungua rekodi za mgonjwa asiyemhusu na gazeti lilikuwa linamlipa, kwa jumla dola 4,600, hundi zikiandikwa kwa jina la mumewe. Dola 4,600! Ndio bei ya siri ya mtu anayepambana na kifo. Mwaka 2008 California ikatunga sheria za kuzibana hospitali zinazoacha mafaili ya wagonjwa yakichunguliwa ovyo, na sakata kama hizi za UCLA zilichangia.

Ule mtego wa Fawcett ukae kichwani, nitaurudia huko chini, maana ni mbinu ambayo hata wewe na simu yako ya mkononi unaiweza.

Na kwenye hela nzito zaidi mchezo ni uleule. Mwaka 2015 kampuni ya simu ya AT&T ilipigwa faini ya dola milioni 25 na mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kisa wahudumu wa vituo vyake vya simu vya Mexico, Colombia na Ufilipino walikuwa wanafungua taarifa za wateja, kama laki mbili na themanini hivi, wanaziuza kwa watu waliokuwa wakizitumia kufungulia simu, nyingi zikiwa za wizi. Juzijuzi tu, Mei 2025, Coinbase wale wa sarafu za kidijitali wakatangaza kwamba wahalifu waliwahonga wahudumu wa wateja walioko nje ya Marekani wakawatolea taarifa za wateja zaidi ya 69,000, kisha wakaiambia kampuni itoe dola milioni 20 la sivyo wanamwaga kila kitu. Kampuni ikakataa, ikazitangaza hizohizo milioni 20 kuwa zawadi kwa atakayesaidia wakamatwe. Nilicheka, ila nikawaza pia, mhudumu anayekaa na hedifoni masaa tisa kwa mshahara wa mawazo, mbele yake ziko akaunti za mamilionea, na bosi kajaa imani kwamba kile kikaratasi cha kutunza siri alichosaini siku ya kwanza kitatosha.

Haya turudi nyumbani. Sisi huku tuna watu wa ndani wengi kuliko hao wote, kwa sababu maisha yetu ya hela yamepita kwenye mikono ya watu wa kawaida kabisa, wakala, frilansa, dada wa stesheneri, mlinzi wa getini.

Anza na mwamvuli, wale frilansa wanaosajili laini za simu barabarani. Tanzania usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA ulianza rasmi Mei 2019, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa Januari 2020 baada ya foleni unazozikumbuka. Lengo lilikuwa zuri, kila laini iwe na mwenyewe. Sasa nenda stendi yoyote ukae pembeni uangalie kama mimi ninavyopenda kukaa nikaangalia. Kijana kavaa fulana ya mtandao, ana kameza kadogo, simu na kile kidude cha kusomea kidole. Anakuja mama mtu mzima na kitenge chake, laini yake imepotea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, nirudishie namba yangu."

Kidole kinawekwa. Kijana anakunja uso. "Hakijasoma mama, futa jasho kidogo uweke tena." Mama anafutia kwenye kitenge. Kinawekwa. "Bado, jaribu cha pili." Mama anacheka, anasema vidole vyenyewe vimeisha kwa kuosha vyombo vya watu, anaweka cha pili, anaweka na cha tatu.

Na kweli mara nyingi kidole kinakuwa hakijasoma, jasho, vumbi, ngozi imelika, hilo sibishi, na wengi wa hawa vijana wanatafuta riziki yao tu. Ila ule mguso mmoja unaoambiwa umegoma unaweza kuwa umesoma vizuri sana, umesajili laini nyingine kwa jina la mama yule, na hiyo laini jioni inauzwa kwa mtu asiyetaka jina lake lionekane. Mama kaondoka na namba yake amefurahi, kaacha nyuma mtoto asiyemjua. Siku polisi wanafuatilia namba iliyotapeli watu, mfumo unasema mwenyewe ni bibi wa miaka sitini na kitu anauza maandazi. Mfumo haujadanganya, kidole ni chake. Aliyekuwa ameshika kidude ndiye aliyedanganya, na kidude alipewa kihalali.

Zile meseji sasa. "Ile hela itume kwenye namba hii jina litakuja..." "Mimi mwenye nyumba wako, kodi tuma huku, ile laini nyingine ina matatizo." Kila Mtanzania anazo kwenye simu yake, mpaka tumezigeuza vichekesho. Ripoti za robo mwaka za TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuongoza kwa namba za utapeli zinazoripotiwa, kama Kenya wanavyopataja Mulot kule mpakani mwa Bomet na Narok kila ikizungumzwa habari ya kuibiana laini. Ila hao wanaotuma ni mwisho wa mnyororo. Zile laini wanazotumia wakazitupa wamezipata wapi? Zilisajiliwa na mtu mwenye ruhusa ya kusajili. Na wakikupigia wakakutajia majina yako matatu, na kwamba umetoa hela muda si mrefu kwa wakala wa pale sokoni, hayo wameyaotea? Daftari la wakala lilikuwa wazi kaunta, namba, kiasi, sahihi, mstari chini ya mstari, na anayesubiri nyuma yako ana simu yenye kamera. Afadhali Safaricom wa Kenya walianza kuficha sehemu ya namba ya mteja kwenye baadhi ya meseji za malipo ya M-Pesa, maana muuza duka hahitaji namba yangu kamili ili anipe unga. Ni badiliko dogo sana lile na nadhani limesaidia watu kuliko semina kumi za "usimpe mtu namba yako ya siri".

Kuibiwa laini kwenyewe, ile wanayoita kuswapiwa, nayo ni hivyohivyo. Simu inapoteza netiweki ghafla mchana kweupe, unadhani mnara umezingua, unaizima unaiwasha, kumbe namba yako iko hai kwenye simu ya mtu mwingine, na meseji zote za benki zenye zile namba za uthibitisho zinaingia kule. Kwa mtu baki kufanya hivyo peke yake ni mlima. Akiwa na mtu ndani ya dawati lenye uwezo wa kuhamisha namba, ni kazi ya dakika chache. Ndio maana kidole kiliongezwa, na kidole kimewapunguzia kasi kweli, ila bado anayebonyeza ni binadamu, na binadamu ana kodi ya nyumba.

Stesheneri ndo usiseme. Unataka kuprinti kitambulisho, dada anakwambia nitumie WhatsApp. Unatuma. Anaifungua kwenye kompyuta, anaprinti, unalipa, unaondoka. Siku moja nasubiri zamu yangu akalifungua lile folda la vitu vilivyopakuliwa, nikaona limejaa kuanzia juu mpaka chini, vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya nyumba, barua za mikopo, matokeo ya vipimo vya mtu, vya miaka, na kompyuta haina hata paswedi, mdogo wake anachezea gemu hapohapo. Na kopi zilizoharibika zinaenda kwa muuza karanga. Nimewahi kula karanga zimefungwa kwenye fomu ya mtu ya kufungulia akaunti, na picha yake pasipoti saizi ananiangalia. Huyo dada hana ubaya wowote. Hajaiba kitu. Ila siku akija mwenye ubaya akakaa kwenye kile kiti, kila kitu kiko tayari.

Halafu kuna hili la mikopo ya kwenye simu ambalo kwangu ndo limegeuza kabisa maana ya mtu wa ndani. Hujakopa hata mia. Shemeji yako kakopa, app ikamwomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, akabonyeza kubali bila kusoma kwa sababu mtoto kafukuzwa ada, na wewe umo humo kwenye simu yake. Kesho kutwa wewe ndiye unayepigiwa na kutukanwa, unatumiwa picha yake imeandikwa tapeli. Aliyetoa namba yako ni ndugu anayekupenda. Kenya, Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga kampuni moja ya mikopo ya hivi, Mulla Pride, faini ya shilingi za Kenya milioni 2.975 kwa michezo hiyo ya kutumia namba za watu wengine kutishia. Huku kwetu Benki Kuu mwishoni mwa 2024 ilitoa orodha ya app 69 zinazokopesha bila leseni. App zinafungwa, majina tayari wanayo.

Sasa niseme upande wangu kidogo maana kazi yangu ni mifumo. Nimewahi kuitwa kwenye taasisi moja ya mikopo midogo, siitaji na wala usijaribu kukisia, wateja wanalalamika kwamba wakimaliza tu deni wanapigiwa simu na mkopeshaji mwingine anayejua mpaka kiasi walichokuwa wanadaiwa. Nikaomba kumbukumbu za mfumo, nani alifungua faili la nani na saa ngapi. Zipo, nzuri tu. Mafaili ya wateja waliomaliza kulipa yanafunguliwa moja baada ya jingine, usiku wa saa nane. Na jina la aliyefungua? Admini. Nikauliza admini ni nani hapa. Wakaanza kuangaliana. Kumbe ofisi nzima inaingia kwa akaunti hiyohiyo moja, paswedi imebandikwa chini ya kibodi kwa selotepu, mpaka bwana mmoja aliyeacha kazi zamani, akaagwa na keki na picha za pamoja, bado anaijua kwa kichwa. Meneja ananiambia "Kaka, hapa sisi ni familia". Sawa, ni familia, ila familia ilikuwa inauzwa usiku na hakuna namna ya kujua muuzaji ni ndugu gani.

Watu wengi hawajui kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haimshughulikii aliyevunja mlango tu, ina kosa lake la mtu kubaki anatumia mfumo baada ya muda alioruhusiwa kwisha. Yule bwana wa keki akiingia usiku, hilo ni lake. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 1, 2023 na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024, inamtaka yeyote anayekusanya taarifa zako akusanye zile tu zinazohusiana na shughuli yake, azilinde, na anayezitoa kinyume cha sheria kwa mtu binafsi faini inaweza kufika shilingi milioni 20 au jela mpaka miaka 10. Sheria nzuri. Tatizo langu na sheria ni moja, mahakamani unatakiwa kuonyesha nani alifanya, na kwenye ofisi ya admini mmoja hakuna nani. Kwa hiyo kabla ya kununua mtambo wowote wa mamilioni, kila mtu awe na jina lake kwenye mfumo, anayeondoka akaunti ifungwe siku hiyohiyo kabla keki haijakatwa, na kumbukumbu zitunzwe mahali ambapo hata mtu wa IT kama mimi siwezi kuzifuta. Hasa mtu wa IT kama mimi. Mwenye uwezo mkubwa kwenye mfumo ndiye wa kuangaliwa zaidi, na wengi wetu tunaichukia sentensi hiyo.

Na ule mtego wa Fawcett sasa. Ofisi inaweza kutengeneza mteja hewa, jina la kubuni na namba ya simu ambayo ipo kweli lakini haijawahi kupewa mtu mwingine yeyote, akawekwa katikati ya wateja wa kweli. Hiyo simu ikiita siku moja mtu anauza mkopo, data imetoka, na unajua imetoka mfumo gani. Mimi binafsi kwenye mambo yasiyo rasmi, kadi za pointi za maduka, kuponi, zile fomu za bahati nasibu, kila sehemu naandika jina langu kwa mtindo tofauti kidogo, huku la ukoo kwanza, kule lile la utani la shuleni. Meseji ya tapeli ikija inanisalimia kwa jina la utani najua imepitia wapi. Fomu za benki na za serikali hapana, kule andika kilichoko kwenye kitambulisho usije ukajitafutia balaa.

Mengine ni ya kawaida ila watu hatuyafanyi. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta usiyoijua nenda dukani kwa mtandao husika wakaifute, na hili uwafanyie na wazazi kijijini maana wao ndio wanaosajiliwa zaidi, mama yako hajui kabisa kwamba ana laini nne. Kopi ya kitambulisho ukimpa mtu, andika juu yake kwa kalamu imetolewa kwa ajili gani na tarehe, mstari upite juu ya kopi yenyewe, ili isitumike kwingine. Stesheneri mwambie dada afute mbele yako, na sehemu ya taka ya kompyuta aifute pia, wala hatakasirika. Meseji za "ile hela" ziforwadi kwenda 15040, watakuuliza namba iliyokutumia, unaijaza, basi. Kitabu cha wageni cha getini, ukiona kinataka mpaka namba ya kitambulisho na anayefuata anaisoma, muulize mlinzi kwa upole nani anakihifadhi kikijaa. Mimi nimeuliza sehemu kadhaa, majibu huwa ni kwamba kinawekwa tu hapo chini ya meza, bosi.

Na netiweki ikikata ghafla kwenye laini yenye hela wakati wenzako wa mtandao huohuo pembeni wanayo, usikae unaizima na kuiwasha. Azima simu ya mmoja wao, piga 100 huduma kwa wateja waifunge namba na akaunti ya hela, kisha benki, yoyote iliyounganishwa na namba hiyo. Omba wakuandikie laini ilihamishwa saa ngapi na kwa dawati au wakala gani, ombi hilo liweke kwa maandishi, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee kinachomtaja mtu wa ndani, ukikawia utaambiwa suala linafanyiwa kazi. Ukitoka hapo polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako, siku hiyohiyo, bila RB kaunta zote utakazoenda zitakurudisha.